Mlango wa Kushoto wa Landrova

Naanza na sababu ya safari, maana najua imewafikia ikiwa imeshaharibika. Sokoni Nachingwea walisema nimemtoroka mume wangu. Wengine wakasema tumekwenda Ruangwa kwa mganga. Ah wapi! Tulikwenda kwa ajili ya gari bovu. Baba Koleta, mtu mzima mwenye wajukuu na mvi mpaka kwenye nyusi, alitaka kutoa mikorosho yetu ya Marambo ili arudishiwe Landrova aliyoiuza mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa na akili zake timamu, miaka kumi na minane iliyopita.

Hakuna aliyemlazimisha kuiuza. Ilikuwa imechoka, inakunywa mafuta kuliko trekta, na nyumba ilikuwa inavuja. Tukaiuza kwa dalali, ilikoishia hatukujua, tukaezeka bati, tukalala pakavu. Basi mtu angeshukuru. Yeye tangu siku ile akawa mjane. Mvua ikinyesha juu ya bati lile lile, anasema, "Ile gari yangu ingekuwapo..." Ingekuwapo ingefanya nini? Hasemi. Mimi nililazwa na malaria wiki nzima, hakuniambia hata pole ya maana. Taja Landrova, anashika kifua.

Sasa akapata habari kwamba iko Nambilanje, kwa mzee mmoja mkulima, na bado inawaka. Na mzee huyo hataki fedha, anataka mikorosho.

Ninyi wenzangu wa jumuiya ya kanisani mnaijua desturi yetu, lakini kwa wageni waliohamishiwa huku kikazi niieleze. Ardhi kwetu inafuata ukoo wa mama. Shamba la Marambo lilikuwa la bibi yangu, likawa la mama, sasa ni langu na ndugu zangu. Baba Koleta aliponioa alihamia kwetu, akapanda mikorosho. Kwa hiyo ardhi ni yetu, miti ni yake, kwa sababu yeye ndiye aliyechimba mashimo. Akitaka kumpa mtu mwingine miti, anaweza, ila lazima mtu wa ukoo wenye ardhi asimame pale, asikie, aseme ndiyo. Kazi hiyo ni ya mjomba wangu. Mjomba miguu imevimba, hasafiri. Akaniita, akaniambia, "Nenda wewe. Utakalolisema, ndilo nimelisema mimi."

Yaani nilichukuliwa kuwa shahidi wa ujinga wa mume wangu mwenyewe.

Mjue pia mikorosho ile ni kitu gani. Ndiyo inayotulisha. Ndiyo inayomsomesha mjukuu wetu, mtoto wa Koleta, chuo cha uuguzi, na bado mwaka mmoja amalize. Hatuna duka, hatuna pensheni. Na wakati huo ilikuwa imeshapuliziwa dawa ya salfa, maua yamejaa, nyuki wanavuma. Mtu anatoa miti yenye maua ili apewe chuma chenye kutu! Nikakubali kwenda, na nilikuwa nimepanga. Tukifika, wakiniuliza, nitasema hapana mbele ya watu, mara moja, kwa sauti. Nilitaka aaibike vizuri.

Saa tatu asubuhi gari la kukodi likasimama mlangoni. Dereva ni Kasimu wa Kiegei, yule mrefu anayepaki karibu na stendi. Baba Koleta alitoka amevaa koti lake la kipaimara cha Koleta, na mkononi ana kitambaa kipya cha kufutia gari. Kipya, bado kimekunjwa! Nyumbani tunafutia meza fulana iliyokufa, na mwenzangu amenunua kitambaa cha kwenda kumfuta mchumba wake. Akakaa mbele na Kasimu kama mkaguzi. Mimi nikaingia nyuma peke yangu, nikaubamiza mlango.

Hatujatoka hata mjini, Kasimu naye akaanza. Kumbe alikuwa na pikapu.

"Nyekundu, mzee. Ukiiona inapanda mlima, unalia."

"Uliiuza?" akauliza Baba Koleta, kwa sauti ya msibani.

"Niliiuza nikaoa mke wa pili."

"Na mke yuko wapi?" nikauliza mimi kutoka nyuma.

"Aliondoka, mama. Alikaa mwaka mmoja tu."

"Unamkumbuka?"

Kasimu akafikiri kidogo. "Pikapu ndiyo naikumbuka," akasema.

Baba Koleta akatikisa kichwa kwa huruma, akampiga mkono begani. Nikatazama nje. Jamani, na hawa ndio wanaosema wanawake wana akili fupi.

Tulipolipita geti la hospitali ya misheni nilimkumbuka daktari mgeni aliyekuwapo pale nilipokuwa msichana. Kila Jumapili, wakifika kanisani, daktari alikuwa anashuka, anazunguka, anamfungulia mkewe mlango, anampa mkono. Sisi wasichana tulikuwa tunapigana viwiko. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimwonyesha Baba Koleta: "Unaona wenzako?" Akaniangalia kana kwamba nimemwambia avae kanga. "Nifanye vile hapa? Wanicheke mpaka siku ya kunizika?" Mtu ukishajua umeolewa na nani, unaacha kujisumbua.

Na mkitaka kujua Landrova yenyewe ilikuwaje, niwaambie jambo moja tu. Mlango wa kushoto, upande wangu, ulikuwa haufunguki kutoka ndani. Miaka yote tuliyokuwa nayo nilikaa mle kama kuku kwenye tenga, nikisubiri Baba Koleta ashuke, azunguke boneti, aje anitoe. Sokoni, hospitalini, kanisani, watu wote wanatazama. Wanaume wenzake wakimcheka, anajibu, "Mlango mbovu, nifanyeje?" Nilimwambia apeleke kwa fundi mpaka mdomo ukaota sugu. Gari lile lilikwenda kwa fundi kila mwezi kwa hili na lile, mlango hakuutengeneza hata siku moja. Hilo ndilo gari la kulilia?

Saa nne tukaingia Ruangwa. Baba Koleta alitaka tumpitie Mwalimu Deogratias, rafiki yake, mtu wa Bukoba aliyeletwa huku kufundisha akiwa kijana, akastaafu, akabaki. Nilifurahi. Nikajua angalau huyu amesoma, atamshauri.

Mwalimu alitupokea vizuri, hilo sina ubishi. Mkewe, Mama Neema, alikuwa ameshaandaa ugali wa muhogo, kisamvu cha karanga na samaki wa kukaanga. Ukutani sebuleni kuna picha mbili zenye fremu. Moja ni ya harusi yao, ndogo. Ya pili, kubwa, ni ya gari jeupe dogo limesimama peke yake.

"Hiyo nilikuwa nayo miaka kumi na moja," akasema Mwalimu aliponiona natazama. "Nilipostaafu nikashauriwa vibaya, nikaiuza."

"Ulishauriwa na nani?"

"Na mimi," akajibu Mama Neema kutoka jikoni.

Baada ya kula, Mwalimu akatupeleka uani kutuonyesha kibanda. Nadhani mtaniona mwongo, lakini Kasimu ni shahidi. Kibanda cha gari, chenye bati na mlango wa mbao, sakafu imefagiliwa inang'aa, na ndani hakuna kitu. Hakuna gari, hakuna hata baiskeli. Ukutani pamepigwa msumari, na kwenye msumari kunaning'inia ufunguo wa akiba ambao alisahau kumpa mnunuzi.

"Anafagia kila asubuhi," Mama Neema akaninong'oneza. "Kuni zangu zinalowa mvua, kuku wangu wanalala juu ya mti, yeye anafagia kivuli."

"Na wewe unamwacha?"

"Nifanyeje, dada? Ndoa ni ya Kikristo."

Mwalimu alikuwa amemshika Baba Koleta mkono. "Ukibahatika kuiona tena, usiiache," alikuwa anamwambia. "Mimi ningeijua ilipo, ningeifuata kwa miguu."

"Mwalimu," nikasema, "samahani, wewe ulikuwa unafundisha somo gani?"

"Sayansi, shemeji."

"Basi Mungu aliwahurumia watoto wetu kwa njia nyingine."

Alicheka, maana ni muungwana. Baba Koleta hakucheka. Alirudi garini amenuna, nami nikaubamiza mlango wangu tena.

Saa saba tukaiacha Ruangwa, tukashika barabara ya vumbi ya Nambilanje. Mbaazi zilikuwa zimeanikwa kwenye maturubai mbele ya nyumba, na Kasimu alikuwa anapunguza mwendo kila penye watu ili asiwamwagie vumbi. Baba Koleta akajipangusa viatu kwa karatasi. Akalivuta koti. Mara akageuka.

"Mama Koleta."

"Nakusikia."

"Wakikuuliza, utasemaje?"

"Utasikia hapo hapo na wenzako."

Akageukia mbele. Shingo yake kwa nyuma ilikuwa imejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kola, na kusema kweli nilimwona mzee. Lakini sikulegea. Nilimfikiria mjukuu wangu akirudishwa nyumbani kutoka chuoni na sanduku lake kichwani, hasira ikanirudia yote.

Saa nane na nusu tukafika. Mwenyeji wetu, Mzee Bakari, ni mtu mfupi mwenye sauti kubwa, na mkewe, Bi Zuhura, ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaendelea na Kimwera, nami nikafurahi kupata mtu wa kuongea naye vizuri. Walitutandikia mkeka, wakatuletea ming'oko ya kuchemsha, vile vizizi vya porini tunavyovijua sisi watu wa Kusini, na chai. Jirani yao mmoja aliitwa aje kushuhudia kwa upande wao.

Na pale, chini ya kibanda cha nyasi, ilikuwapo.

Niliitambua mara moja, siwezi kudanganya. Rangi ya kijani ilikuwa imebabuka, taa moja imezibwa kwa kopo la maziwa, nyuma kumejaa magunia ya mbaazi, na kwenye kiti cha kati kuku alikuwa amelalia mayai. Baba Koleta alisimama mbele yake, akavua kofia. Nawaambia, alivua kofia! Kisha akatoa kile kitambaa kipya, akaanza kufuta kioo taratibu, na machozi yakamtoka mbele ya watu. Nikatazama mbaazi, maana aibu ilinishika mimi.

"Inawaka?" akauliza.

"Inawaka," akasema Mzee Bakari. "Inataka kusukumwa kidogo tu." Halafu naye sauti ikamlegea. "Najua nitaijutia, mwenzangu. Wanangu hawaitaki, wanataka pikipiki. Lakini ikiondoka hapa, mimi nitakosa usingizi."

"Haya," nikasema, "halafu utakuja Nachingwea kuifuata? Mtaipokezana kuililia mpaka lini?"

Bi Zuhura akaguna, akafunika mdomo kwa kanga. Nadhani alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka kumi na minane.

Tukakaa mkekani. Mzee Bakari akayasema masharti: yeye anatoa Landrova, Baba Koleta anatoa mikorosho yote ya Marambo, na mavuno ya msimu huu yanahesabiwa ni ya Mzee Bakari. Jirani akaitikia kwamba amesikia. Kisha wakanigeukia mimi. Nikajiweka sawa, nikafunga kanga, nikakohoa. Hapana yangu ilikuwa tayari mdomoni.

"Ngoja kwanza," akasema Baba Koleta. "Kabla hujasema, twende uizunguke kidogo. Kaa mahali pako, Mama Koleta. Mara moja tu."

Nikasema moyoni, mpe, halafu umnyang'anye, atasikia uchungu zaidi. Hasira ilikuwa imenifikisha huko. Bi Zuhura akamhamisha kuku na mayai yake. Baba Koleta akanifungulia mlango wa kushoto kutoka nje, nikapanda, akaufunga. Kasimu, Mzee Bakari na jirani wakasukuma, ikakohoa, ikapiga moshi, ikawaka. Tukauzunguka uwanja wao mara moja. Baba Koleta alikuwa amekaa wima, mikono yote miwili kwenye usukani. Harufu ya mle ndani ilikuwa ile ile, ya mafuta na magunia.

Tukasimama. Akazima, akashuka, akaanza kuzunguka boneti kuja upande wangu. Nami nikakaa nikisubiri, mikono mapajani, kwa mazoea ya kijinga.

"Shuka tu, mwanangu," akasema Bi Zuhura, aliyekuwa amesimama karibu. "Vuta hako kachuma."

Nikavuta. Mlango ukafunguka.

Baba Koleta alikuwa amefika kwenye taa ya kushoto, mkono ameshaunyoosha. Akasimama pale pale na mkono wake.

"Mliutengeneza," nikasema.

"Mlango huo?" akasema Mzee Bakari. "Haukuwa mbovu. Wiki ile ile niliyoinunua niliangalia nyuma ya kitasa, nikakuta waya. Umefungwa, ukakazwa kwa koleo, kazi safi ya mtu anayejua. Nikaukata, mlango ukafunguka kama mpya. Nikajiuliza, nani amefunga mlango mzima?"

Kasimu akaanza kuangalia matairi ya gari lake. Mimi nilikuwa nimekaa mlango wazi, mguu mmoja nje, namtazama mume wangu, na yeye anatazama chini. Nikamwona yule daktari anamzungukia mkewe mbele ya kanisa. Nikasikia, "Wanicheke mpaka siku ya kunizika?" Na nikajisikia mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, nikimwambia mbele za watu kwamba hata mlango umemshinda.

"Nani alikwambia ukate?" akasema Baba Koleta.

Hakupaza sauti. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumwona amekasirika vile.

"Sasa, mwenzangu," Mzee Bakari akasema, "gari si nilikuwa nimeshalinunua?"

"Nakuuliza, nani alikwambia ukate?"

Bi Zuhura akamshika mumewe mkono, akamvuta pembeni. Nikashuka, na kuku akarudi taratibu, akapanda kiti changu.

Jirani, ambaye nadhani alitaka kurudi kwenye kazi zake, akaniuliza, "Haya mama, ukoo wenu mnasemaje? Ndiyo au hapana?"

Nikafungua mdomo. Hapana niliyoibeba tangu Nachingwea ilinikwama. Nilijua mikorosho ni chakula chetu, nilijua mjukuu anatakiwa amalize chuo, nilijua kila kitu. Na bado, Mungu anisamehe, kwa dakika moja nilikuwa karibu kusema ndiyo.

"Usiseme kitu, Mama Koleta," akasema Baba Koleta. Akavaa kofia. "Hatubadilishani. Mikorosho inabaki." Akamgeukia Mzee Bakari, akampa mkono. "Samahani, mwenzangu, nimekutoa kazini bure. Gari ni zuri. Ila siyo lile."

Mzee Bakari alilalamika kidogo, kwa heshima, lakini nilimwona anaupapasa ubavu wa Landrova yake, amepona. Kitambaa kipya Baba Koleta alikiacha juu ya boneti.

Saa kumi tukaondoka. Safari hii Baba Koleta alikaa nyuma, upande wa kulia, na mimi kushoto. Ruangwa tuliipita bila kusimama, kibanda cha Mwalimu kikabaki na sakafu yake. Tulipofika kwenye lami nikamuuliza.

"Uliufunga lini?"

"Jumamosi moja. Ulikuwa umekwenda kufua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema."

"Ningesema nini?"

"Ungeisimulia jumuiya nzima," akasema.

Na kweli, mnaona wenyewe.

Nilichojifunza hakijai kiganja. Wanaume wanaolilia magari waliyoyauza bado nawadharau. Kasimu mjinga, nimemwambia ana kwa ana. Mwalimu ampe mkewe kibanda aweke kuni. Ila siku hizi mtu akinililia gari lake, kabla sijamcheka, namuuliza nani alikuwa anakaa kiti cha kushoto. Wengi wanageuza mazungumzo. Na mimi niliyejiona mwerevu kuliko wote nilikaa pembeni ya mtu miaka yote hiyo, nikafunguliwa mlango kila siku, nikadhani ni ubovu wa gari.

Tulifika nyumbani Nachingwea jua linazama, na majirani wako nje wanatwanga. Baba Koleta akashuka upande wake, akajinyoosha mgongo, akaelekea mlango wa nyumba. Mimi sikushuka. Kasimu akanitazama kwenye kioo.

"Mama, tumefika. Mlango huo ni mzima, vuta tu."

"Nyamaza, Kasimu," nikamwambia.

Baba Koleta alifika barazani, akageuka, akaniona bado nimekaa. Akatazama majirani. Wote walikuwa wameacha mitwango, wanaangalia. Akaugeukia mlango wa nyumba, nikafikiri ataingia ndani. Kisha akashuka barazani, akarudi, akaizunguka boneti, akanifungulia.

"Na huu nao mbovu?" akauliza kwa sauti, majirani wasikie.

"Mbovu kabisa," nikasema, nikampa mkono.